Vespa, meli na visiwa vidogo vya Pemba: mwongozo kamili wa siku nne

Kila Idi ndogo ikimalizika napokea malalamiko ya aina moja. Mtu kavusha vespa yake kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hadi bandari ya Mkoani, Pemba, salama salimini, kalala, kaamka, kashika njia hadi diko la Chokocho, pale mashua zinapopandiwa, akitaka kuvuka kwenda Kisiwa Panza. Kafika saa tano asubuhi. Mashua zimelala ubavu juu ya tope, akina mama wanachokoa chaza pale pale alipotarajia kupandia boti, na nahodha haonekani hata mmoja. Mwengine kavuka vizuri, akapwelewa upande wa pili, maji yametoka na boti haielei, hadi usiku, na meli ya kurudi Unguja ikaondoka bila yeye.

Njia hawakupotea, wala vyombo havikuwaharibikia. Walipanga siku zao kwa saa ya mkononi, na maji ya Pemba yanakwenda kwa mwezi. Ndiyo maana hapa tunaanza na maji, barabara itafuata.

Mwongozo huu ni wa mwenye vespa ya zamani au skuta ya otomatiki isiyozidi cc 150, anayeanzia Mjini Unguja na mwenye siku nne mkononi. Siku tatu zinatosha kwa shida. Mbili hazitoshi, usijidanganye.

Vya kutayarisha kabla ya kuondoka

Karatasi: leseni ya udereva, kadi ya usajili wa chombo, bima ambayo haijaisha, na kitambulisho, kwa sababu tiketi ya meli haikatwi bila hicho. Kama chombo ni cha kukodi au cha kuazima, chukua barua ya mwenyewe yenye saini. Mgeni kutoka nje ya nchi awe na kibali cha kuendesha, maana askari wa barabarani hukiuliza.

Vya chombo: plagi moja ya akiba, waya wa klachi na waya wa mafuta (kwa vespa ya gia), spana ya plagi, bisibisi, plaia, vifaa vya kuzibia panchari na pampu ndogo. Vespa ya tustroki ichukuliwe na chupa yake ya oili ya kuchanganya. Kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli.

Vya kufungia melini: kamba mbili ngumu za mita tano tano, kanga mbili kuukuu, kipande cha ubao cha urefu wa mkono mmoja, na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya zamani. Kamba utaziona melini, lakini mara nyingi zimeshawahiwa na wenye mizigo mingine.

Vyako: helmeti, koti la mvua, tochi, maji ya kunywa, na mfuko usioingia maji kwa simu na karatasi. Vaa suruali ndefu au nguo ya heshima. Unakwenda kupita mbele ya baraza za watu.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mwezi mwandamo

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana na yanatoka sana, na tofauti ya juu na chini inaweza kukaribia mita nne. Siku kama saba baadaye ni maji mafu, yasiyopanda mno wala kushuka mno.

Sasa shika hesabu hii. Siku za bamvua, mwezi mosi au mwezi 15 hivi (yaani siku ya kwanza au ya 15 tangu mwezi uandame), maji hujaa karibu saa kumi na nusu, alfajiri na tena jioni. Kwa hiyo yanakuwa yametoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Idi ya Mfunguo mosi huangukia mwezi mosi kila mwaka. Yaani kila Idi ndogo, saa ile ambayo watu wameshakunywa chai na kuvaa vizuri, madiko yote ya kina kifupi yamekauka. Si bahati mbaya, ni kalenda.

Siku za maji mafu, mwezi 8 hadi 10 na mwezi 22 hadi 25, mambo hugeuka. Maji hujaa kati ya saa nne asubuhi na saa sita na nusu mchana, na hata yakitoka hayaendi mbali. Hizo ndizo siku za safari hii. Unavuka saa mbili na nusu, unatembea kisiwani, unarudi kabla ya saa saba mchana, na chini ya boti kuna maji muda wote.

Kwa tarehe ya katikati, anza na saa kumi na nusu jioni, ongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita tangu mwezi mosi. Mwezi 5 zimepita siku nne, sawa na saa tatu na dakika 20, basi maji yatajaa karibu saa mbili kasoro za usiku na yatakuwa yametoka karibu saa saba na nusu mchana. Ni makadirio, yanaweza kupishana na ukweli kwa nusu saa au saa nzima. Yathibitishe kwenye jedwali la maji katika simu, na ukifika dikoni muulize mvuvi. Mvuvi akipingana na simu, mfuate mvuvi.

Kisha tazama upepo. Kusi likivuma kwa nguvu, hasa kati ya Juni na Agosti, bahari baina ya Nungwi na Pemba huchafuka. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo huwa utelezi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa bahari na tahadhari za upepo mkali na mawimbi. Usome siku tatu kabla, na tena asubuhi ya safari.

Umefanikiwa hapa ukiwa na karatasi moja yenye mistari minne: tarehe, saa ya maji kujaa, saa ya maji kutoka, na saa yako ya mwisho ya kuondoka kisiwani. Ibandike ndani ya kifuniko cha mfuko wako.

Hatua ya 2: Kagua vespa siku tatu kabla

Siku tatu, si usiku wa kuamkia safari. Fundi akigundua kasoro, upate muda wa kutafuta kifaa Darajani au Mwanakwerekwe.

Anza na breki. Pemba ni vilima na mabonde tangu unaposhuka bandarini, na vespa yenye breki za kuridhisha mjini Unguja inaweza kukutia wasiwasi mteremkoni. Kisha tairi. Tairi za inchi 10 huingia shimoni kichwa kichwa pale ambapo pikipiki kubwa ingepita juu, kwa hiyo tairi lililoisha kashata ni panchari inayosubiri. Taa ya mbele, ya nyuma na ya breki ziwake zote. Skuta ya otomatiki, mwambie fundi afungue kifuniko autazame mkanda. Ukiwa na nyufa, badilisha.

Zunguka nayo kilomita 20 ukiwa na mzigo ule ule utakaobeba. Ikirudi bila harufu ya kuungua na bila tone la mafuta chini, iko tayari.

Hatua ya 3: Kata tiketi mbili

Tiketi ya mtu na malipo ya chombo ni vitu viwili. Boti ziendazo kasi kwa kawaida ni za abiria, vespa hupanda meli yenye nafasi ya magari na mizigo. Meli hizo haziondoki kila siku, kwa hiyo kata ya kwenda na ya kurudi pamoja, na uulize waziwazi: "Siku hiyo mnapakia vespa?"

Soma jina la bandari kwenye tiketi. Meli nyingi hutumia Mkoani, lakini Wete nako kuna bandari, na baina ya miji hiyo ni karibu kisiwa kizima. Kama una jamaa anayekusubiri, mwambie jina la bandari, usimwambie "Pemba" tu.

Dai risiti ya chombo yenye namba ya usajili. Bila hiyo huna neno ukikuta kioo kimevunjika.

Hatua ya 4: Pakia na ufunge kwa mikono yako

Fika Malindi mapema, muda wa saa tatu kabla ya meli kuondoka. Wachukuzi ni watu wa kazi na wanajua kusukuma, patana nao bei kabla hawajagusa usukani. Lakini kufunga, funga mwenyewe.

Safari yangu ya kwanza nilijaza tangi hadi shingoni, nikidhani najipunguzia taabu upande wa pili. Nikamwachia mtu mwengine kazi ya kufunga, nikapanda juu kutafuta upepo. Nje ya Nungwi meli ikaanza kuyumba. Niliposhuka, vespa ilikuwa imelala ubavu, petroli imetiririka sakafuni hadi kwenye magunia ya unga ya mama mmoja aliyekuwa akipeleka bidhaa Mtambwe. Nilimlipa unga wake. Ule mvuke wa petroli chini kule, karibu na watu waliolala, ndio uliobaki kichwani mwangu mpaka leo.

Tangi liwe robo au chini ya hapo. Funga koki ya mafuta kama chombo chako kinayo. Zima injini na uisukume kwenye mlango wa meli, usipande nayo. Maji yakiwa yametoka mlango huo huinama sana, na chuma chake huwa na unyevu na oili.

Ukifika ndani, utafute ukuta au nguzo. Weka ubao chini ya stendi ya kati, kwa sababu stendi tupu juu ya chuma huteleza kila meli inapoinama. Tia gia ya kwanza. Skuta ya otomatiki haina gia ya kuizuia, basi kaza breki ya mbele kwa ule ukanda wa mpira, ukizungusha mara nne tano juu ya mkono wa breki.

Kamba ya kwanza pitisha shingoni, chini ya usukani, kisha ivute kulia na kushoto hadi kwenye pete za sakafuni. Ya pili ipite kwenye chuma kilicho chini ya kiti. Usifunge kwenye vioo wala kwenye plastiki. Vuta mpaka springi ya mbele ishuke nusu, usiimalize, maana ikikaa imebanwa kabisa njia nzima itavujisha oili. Kila mahali kamba inapogusa rangi, weka kanga iliyokunjwa. Kamba ikisugua usiku kucha huifikia bati, na chumvi itamaliza kazi iliyobaki.

Ishike nyuma, uitikise kwa nguvu. Kiti kikicheza kidogo na miguu isisogee, imekamatika. Piga picha moja, kisha panda juu. Shuka kuitazama tena baada ya saa moja.

Na onyo moja ambalo silipunguzi. Ukiona meli au boti imejaa kupita kiasi, shuka, tiketi ipotee. MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, na ilikuwa imebeba watu na mizigo kuliko uwezo wake. Hakuna nyumba Pemba isiyojua habari ile.

Hatua ya 5: Kutoka bandarini Mkoani

Usikimbilie kutoka. Acha magari yatangulie, fungua kamba, kagua breki na tairi, washa injini ikiwa nje ya meli. Mji wa Mkoani umekaa mlimani, kwa hiyo mwendo wako wa kwanza Pemba ni kupanda. Jaza mafuta kituoni kabla ya kuondoka mjini. Vituo utavikuta katika miji, lakini ukiingia njia za madikoni usivitegemee.

Hatua ya 6: Barabara, karafuu na gari za ng'ombe

Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, na anayekitazama kwenye ramani hudhani atakimaliza kwa saa moja. Njia inapinda, inapanda, inashuka. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa unatosha, na kwenye vijiji pungua zaidi. Mteremkoni tumia gia, usining'inie kwenye breki, maana breki iliyopata moto huacha kushika. Otomatiki haina gia za kukusaidia, hivyo anza kupunguza mwendo juu, kabla ya kuteremka.

Msimu wa karafuu una adabu yake. Majamvi huanikwa pembeni mwa barabara, na pengine hadi juu ya lami. Usikanyage jamvi hata kwa ncha ya tairi. Nje kidogo ya Mtambile nilisimama kupisha gari, nikaegesha karibu mno. Bibi aliyekuwa akichambua karafuu hakunigombeza. Alinyoosha kiganja, akanionyesha tatu: mbili zina vichwa, moja kimekatika. "Hii yenye kichwa ndiyo ada ya skuli, mwanangu," akasema. "Hiyo nyingine umeshaila wewe." Tangu siku ile nikiona jamvi nahamia upande wa pili wa njia. Tena karafuu mbichi zilizomwagika juu ya lami zinatelezesha tairi dogo.

Usiku usiendeshe. Gari za ng'ombe hazina taa, na ng'ombe mweusi kwenye kona huwezi kumwona mpaka umemfikia. Panga uwe umeshafika unapolala kabla ya magharibi.

Hatua ya 7: Dikoni, na kuvuka

Vespa haivuki. Utaambiwa na vijana kuwa inawezekana, wataibeba wanne kuipandisha mashuani. Inawezekana, lakini visiwa hivi vidogo ni vya kutembea kwa miguu, na chombo kikiingia maji ya chumvi injini yake haitakusamehe. Omba uiweke uani kwenye nyumba iliyo karibu na diko. Piga hodi, salimu, jieleze unatoka wapi na utarudi saa ngapi, ndipo uombe. Ukirudi, mpe aliyekutunzia kitu cha shukrani.

Kwa mara ya kwanza chagua Makoongwe, kilicho mbele ya Mkoani. Safari ni fupi na boti za watu zinakwenda na kurudi. Kisiwa Panza, kupitia Chokocho, kinafuata. Misali ni mbali zaidi, boti hukodiwa Mkoani au Wesha, na kwa kuwa ni eneo la hifadhi kuna ada ya kuingia. Huko usiende kwa mashua ndogo siku ya upepo.

Kabla hujapanda, mambo matatu. Tazama kama kuna majaketi ya kuokolea, na uvae lako, usilikalie. Hesabu watu na mizigo, ukaone ukingo wa boti uko juu ya maji kwa kiasi gani. Na zungumza na nahodha kuhusu kurudi. Usimwulize "Tutarudi saa ngapi?", maana atakujibu kwa upole saa yoyote unayoipenda. Uliza hivi: "Mzee, maji yanaanza kututupa saa ngapi?" Hapo atatazama bahari, na jibu atakalokupa ndilo la kweli. Toa saa nzima katika jibu hilo, uwe umeshakaa kwenye boti.

Ijumaa, kati ya saa sita na saa nane mchana, usitarajie boti. Watu wako msikitini.

Ukifika kisiwani ulizia nyumbani kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale, ujitambulishe. Dakika tano hizo zitakufungulia njia zote, na ukipwelewa, wenyeji watakuwa wanakujua. Usipige picha za watu bila ruhusa. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani.

Ukipwelewa licha ya yote, kaa. Usivuke tope kwa miguu kufuata boti, kwa sababu mizizi ya mikoko inakata na maji yanaporudi hupita kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako. Maji yaliyotoka yatakurudia baada ya muda wa saa sita.

Hatua ya 8: Siku ya kaskazini

Siku ya tatu elekea juu. Lala Chake Chake au Wete, ondoka baada ya chai. Kati ya Chake na Wete unaweza kupinda kwenda Kidike kuwaona popo wa Pemba, wanyama hawa wa usiku wenye mabawa mapana wasiopatikana porini popote pengine duniani. Kisha Konde, kisha msitu wa Ngezi.

Ndani ya Ngezi njia ni ya udongo na miti imefunga juu. Kivuli hicho ni raha kubwa, lakini kinafanya tope la juzi lisikauke. Nenda pole, miguu tayari. Ukitoka upande wa pili, ufuo wa Vumawimbi unakuita. Acha vespa kwenye udongo mgumu, usiingie nayo mchangani, itazama hadi ekseli. Mnara wa taa wa Ras Kigomasha uko mbele kidogo, na kwangu mimi hapo ndipo safari inapokamilika.

Usikae mpaka jua lianze kushuka. Kurudi Wete chukulia ni muda wa saa mbili, pamoja na kusimama. Wete nunua halua, ukaifunge vizuri isiguse injini.

Hatua ya 9: Kurudi

Uwe Mkoani usiku wa kuamkia siku ya meli. Hii siiachi mlango wazi. Panchari moja ya asubuhi inatosha kukukosesha meli, na inayofuata pengine ni baada ya siku mbili.

Tangi lirudi robo, kamba zile zile, mafundo yale yale. Mizigo itakuwa mingi kuliko ya kwenda, kwa hiyo wahi nafasi ya ukutani.

Ukifika nyumbani, kabla hujaoga, ioshe vespa kwa maji baridi yasiyo ya chumvi na sabuni, hasa chini ya vibao vya miguu, kwenye springi na waya za breki. Iwashe, izunguke mtaa mmoja ukibonyeza breki taratibu mpaka zikauke. Tia oili kwenye nyaya na springi ya stendi. Usiiache hadi kesho, chumvi hailali.